Mkono Mmoja, Daftari Mbili

Papa yangu, Védaste, anaamini kwamba damu ya mke wake inapita ndani ya mkono wake yeye. Hakutamka hivyo. Aliandika, kila asubuhi, kwa wiki sita.

Kaka yangu Élie alituma mashine ya kupima tansiyo, yaani presha ya damu, kwa ajili ya mama yetu Thacienne, aliyeumwa kichwa tangu mavuno ya maharage. Muuguzi Emérence alipanda hadi kwetu Karuba akaeleza maneno ambayo hata mbuzi angeyashika: keti dakika tano bila kuongea, mgongo kwenye kiti, mkono juu ya meza, pima, andika. Akaacha daftari mbili, moja ya Papa, moja ya Mama.

Nilipofika likizo kutoka shuleni ninakofundisha, nilikuta daftari zimejaa. Safi sana, kama kazi ya mwanafunzi aliyechungulia kwa jirani. Leo 128 kwa 80, kesho 131 kwa 82. Na namba za Mama zilikuwa zilezile za Papa, mstari kwa mstari.

"Papa, Mama anapimwa saa ngapi?"

"Mimi njo mwenye kupimwa."

"Na yeye?"

Alinitazama kama mtu anayemhurumia mjinga. "We mwalimu, wakati wanagawa unga, nani anasimama ku mustari? Chef wa nyumba. Karata ya unga iko moja. Mimi nikiwa muzima, nyumba iko muzima."

"Ng'ombe zako sita unazigusa masikio moja moja ukitafuta homa. Mama hana mkono?"

"Diplome imekupanua mudomo."

Nilimketisha Mama. Hakutaka. "Utaleta vita, mutoto wangu," alinong'ona. Tukasubiri dakika tano, Papa akikohoa mlangoni makusudi. Mashine ikaonyesha 194 kwa 112. Tukapumzika, tukarudia: 191 kwa 110. Mama akainamisha kichwa kama aliyevunja sahani ya wageni.

"Labda imezoea mukono ya Papa yako," akasema.

Siku hiyohiyo nilimteremsha hadi kituo cha afya. Emérence alipima tena, akafungua daftari ya Mama. Papa alipomletea, alikuwa ameisifu mbele ya wagonjwa wengine. Alimwanzishia Mama vidonge, akamwambia kwamba kwa namba zile angeweza kuanguka shambani, jembe mkononi.

Jumapili baada ya misa, Papa mukubwa Michel, kaka wa Papa, aliita familia. Wanaume kumi na mmoja walikaa kujadili mshipa wa mwanamke, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama amelala vizuri. Hukumu ilikuwa fupi: nimemuaibisha Papa mbele ya muuguzi, basi nilete bidoni ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nipige magoti.

"Sema tu pardon, Myriam," Papa mukubwa alisema kwa upole. "Iishe. Papa yako ataendelea kuandika daftari kama zamani."

Kumbe ndiyo bei. Kasiksi ningeweza kuinunua. Lakini nikipiga magoti leo, kesho asubuhi kalamu inarudi kwa Papa, na Mama anakuwa mzima kwenye karatasi hadi siku tutakapomzika.

"Mama atajipima mwenyewe na ataandika mwenyewe," nikasema. "Kasiksi sileti. Magoti sipigi. Pardon siombi, leo wala kesho."