Mtambo Uliofungwa kwa Nywele

Léocadie alisukia wateja wake kwenye gereji ya nyumbani kwake ughaibuni, katika kitongoji cha Doonside, ndiyo maana kila kishindo cha jirani kilimfikia. Jirani huyo, Douglas, alikuwa fundi mstaafu wa treni, mjane, mtu wa salamu fupi na waridi nyingi. Kwa miezi sasa alikuwa akigonga mbao nyuma ya uzio, na kila alipokosea alitukana kwa sauti ya chini, kisha akamwomba radhi mbwa wake.

Jumamosi moja kikatoka kishindo kilichotikisa chanuo mezani, kikafuatwa na kimya. Léocadie akamwacha mteja na kichwa nusu, akachungulia juu ya uzio. Douglas alikuwa amekaa chini, kazungukwa na kamba zilizokatika. Mbele yake palikuwa na kitu kama kitanda cha mbao nene kisicho na godoro, na mti mmoja umelala katikati yake kama mtu aliyezimia.

"Papa Douglas, umeumia?"

"Mimi mzima. Kamba ndiyo imekufa tena."

Alipoona jirani yake hacheki, akamweleza. Mtambo kama huo Warumi waliutumia kurushia mawe, na nguvu yake yote imo ndani ya kamba. Fungu nene la kamba linatoka upande mmoja wa fremu hadi wa pili, mti unachomekwa katikati yake, kisha fungu linasokotwa mpaka linalia. Ukiuvuta mti chini unazidi kulisokota. Ukiuachia, fungu linajisokotoa kwa ghafla, na mti unanyanyuka na jiwe lake. Karne nyingi baadaye watu waliachana na kamba hizo, wakatundika kasha la mawe kwenye ncha moja ya mti mrefu, uzito ukafanya kazi. Bruno, mwenzake katika chama cha wapenda historia, alikuwa na mtambo wa namna hiyo, na kwenye siku ya familia ya chama hicho angerusha nao matikiti maji. Douglas alitaka wa kwake, wa kale zaidi, nao urushe.

"Watu wa kale walitumia kamba gani?"

"Kano za wanyama. Au nywele. Nywele zinanyumbuka, halafu zinarudi."

Léocadie akaangua kicheko. Nywele! Kisha kicheko kikamkatika. "Na hayo mawe yalikuwa yanamwangukia nani?"

Douglas hakumficha. "Watu. Wengi wao walikuwa nyumbani kwao."

Léocadie akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa mteja wake. Huko kwao Uvira, wakati wa vita, aliwahi kulala chini ya kitanda na watoto wake, akisikiliza vitu vikitoka mlimani na kuangukia mabati ya majirani. Alimaliza kusuka kichwa kile bila kupiga soga, na mteja akaondoka akidhani amemkosea.

Jioni Douglas alibisha hodi, kofia mkononi. Alisema amekuja kuomba radhi, na pia kumsimulia kisa kimoja, akitaka. Waandishi wa zamani wanasimulia kwamba Warumi walipouzingira mji wa Karthago, kaskazini mwa Afrika, wenyeji walikuwa wameshasalimisha silaha zao zote. Ikabidi waanze upya. Mbao walipata kwenye nyumba zao, kamba hawakuwa nazo. Basi wanawake wa mji wakakata nywele zao.

"Wakashinda?"

"Hapana. Lakini walishikilia kwa miaka."

Léocadie aliwaona akilini wanawake wale wamekaa barazani, mafungu ya nywele mapajani, mmoja akilia, mwingine akimchekesha.

"Nani alizisuka?" akauliza.

"Hakuna aliyeandika."

"Walikuwa na msusi. Kazi hiyo haifanyiki bila msusi." Akasimama, akachukua ufunguo wa gereji. "Na mtambo wako hautamwangushia mtu kitu?"

"Tikiti tu, kwenye uwanja mtupu."

"Basi kesho njoo nikusukie."

Walianza na rasta, zile nywele za bandia za kusukia, kwa kuwa Léocadie alikuwa na magunia yake. Alisuka kamba nzuri kabisa, Douglas akazifunga, akazisokota, akaachia. Mti ukainua kichwa pole pole kama mzee anayeamshwa, na tikiti likadondoka miguuni pao. Rasta ilikuwa imevutika na haikutaka kurudi tena. Walicheka mpaka mbwa akabweka.

"Tunahitaji nywele za kweli," alisema Douglas.

Léocadie akampigia rafiki yake Belyse, Mrundi aliyekuwa akitunza wazee huko Lidcombe na ambaye hakuna aliyewahi kumwona na wigi moja wiki mbili mfululizo.

"Bamama ba kanisa watasema nimerukwa na akili," alisema Léocadie.

"Waache waseme, Mama Déborah," alijibu Belyse, akimwita kwa jina la bintiye. "Lakini waseme huku wanavua wigi."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Léocadie alisimama mbele akaeleza anachotaka. Kanisa zima lilikufa kwa kicheko. Mchungaji Lazare, ambaye kichwa chake kilikuwa kinang'aa kama sahani, alisema kwa masikitiko kwamba yeye hana cha kutoa. Lakini wiki iliyofuata mifuko ilimiminika gerejini: mawigi yaliyochakaa ya nywele za watu, nywele za kubandika zilizohifadhiwa tangu harusi, nyeusi, za kahawia, na fungu moja jekundu ambalo hakuna aliyekubali kuwa lake. Wanawake walibaki kufumua nyuzi, kusuka na kula sambusa, na Léocadie akazipaka kamba mafuta ya nywele ili unyevu usizilegeze. Douglas alijifunza kusuka. Alisuka vibaya, nao wakamsifu.

Siku ya familia ilipofika, Bruno alitangulia. Kasha la mawe likashuka, mti ukapanda, tikiti likaruka mbali sana na watu wakapiga makofi. Kisha Douglas akauvuta mti wake kwa winchi, na kamba zikaanza kulia.

"Mlio wa kichwa kinachosukwa kwa kubanwa sana!" alipiga kelele Belyse.

Tikiti la kwanza lilitoka mapema mno kwenye kombeo lililoning'inia kwenye ncha ya mti. Likapaa juu wima, watu wakatawanyika wakipiga mayowe, likarudi kupasuka juu ya kiti cha Douglas mwenyewe. Douglas akachukua koleo, akaipinda zaidi ndoano inayoshika kombeo, ili tikiti lichelewe kidogo kutoka. Halafu akampa Léocadie kamba ya kufyatulia.

Léocadie akaangalia uwanja kwanza: majani matupu mpaka kwenye miti.

Akavuta.

Mti ukapiga kwa kishindo gunia la kinga lililowekwa kuuzuia, fremu nzima ikaruka, na tikiti likaenda, likaenda, dogo na la kijani juu ya Doonside. Vigelegele vilianza kabla halijatua. Halikufika lilipofika la Bruno, hata karibu, lakini Douglas alikuwa akiruka kama mtoto na Mchungaji Lazare alikuwa amemkumbatia mtu asiyemjua.

"Hilo ni wigi langu la harusi!" Belyse alimwambia kila aliyepita. "Mmeona lilivyorusha?"

Bruno mwenyewe akaja kuuliza kama anaweza kujaribu.

"Panga foleni," alisema Léocadie, huku akiinama kuchukua tikiti jingine.