Hadi Langoni

Mzee Ombok alikuwa amechoka hata kabla ya kuishika kamba. Miaka yake yote ya kazi, katika uwanja wa mashindano kule Nairobi, aliwazoeza farasi kukimbia. Sasa, uzeeni, katika boma la Mwalimu Haron chini ya kilima cha Nyanchwa, alitakiwa kumfundisha farasi mmoja asikimbie.

Farasi huyo jike, wa rangi ya majivu, aliletwa na Nyamusi, binti wa Mwalimu, kutoka shamba moja la Naivasha. Kiharusi kilikuwa kimeudhoofisha mguu wa kushoto wa Mwalimu, naye alikataa katakata kupelekwa kanisani, kule kilimani, kwa bodaboda, amebanwa kati ya watu wawili kama gunia la mahindi. Alitaka kuifikia Meza ya Bwana akiwa ameketi wima. Ombok alimwahidi kwamba hatarudi kuishi kwao Rongo kabla ya kumfikisha.

Kazi ilianzia chini. Farasi alizungushwa kwa kamba ndefu hadi akajua kusimama inapolegea na kurudi nyuma inapotikiswa. Kisha Ombok akamfungia tandikoni gunia la mchanga, likiegemea kushoto kama ambavyo Mwalimu angeegemea. Kufikia Ijumaa alilibeba bila kushtuka.

"Wiki ijayo utapanda, Mwalimu," alisema Ombok, akaondoka kwenda mazishini kwao.

Kesho yake, Sabato, Damaris, mkewe Mwalimu, alimhurumia mnyama aliyefungiwa bandani. Alimtoa, akamfunga mguu wa nyuma kwa kamba ya katani kwenye kigingi kando ya njia, kama alivyowafunga ng'ombe wake maisha yake yote. "Kaza," Mwalimu alimwambia kutoka barazani, "asije akaingia kwenye ndizi za watu." Damaris akakaza, akaenda kanisani. Pikipiki ikapita ikipiga honi. Farasi aliruka, akahisi ameshikwa, akapambana na kamba hadi ikala nyama. Mwalimu alipaza sauti kuwaita majirani, lakini wote walikuwa kilimani. Kutoka kitini hakuweza kuinuka.

Ombok aliporudi, farasi alitetemeka kwa kuiona kamba tu.

"Ng'ombe wangu hawajawahi kulalamika," Damaris alisema kwa sauti ndogo.

"Ng'ombe akishikwa mguu husimama, Mama Nyamusi. Farasi akishikwa mguu hudhani ameanza kuliwa."

"Basi nimeharibu."

"Tumeharibu," alisema Mwalimu. "Mimi ndiye niliyesema kaza." Akamgeukia Ombok. "Nipe hiyo kamba."

"Mwalimu, wewe umeketi."

"Ndiyo maana hatanihofia. Mimi simfukuzi mtu."

Ikawa hivyo. Kila asubuhi kiti kiliwekwa katikati ya ua, kamba ikalala magotini pa Mwalimu, na Ombok akasimama pembeni akiegemea fimbo, magoti yakimuuma, akifundisha upya aliyokwisha kuyafundisha. Farasi alizunguka kwa mbali, kisha kwa karibu. Siku moja alinusa kamba, akashusha kichwa, akaacha ivishwe shingoni. Lakini tandiko hakulikubali.

Sabato ya Meza ikafika. Mwalimu alivaa suti na tai. Ombok alijua namna ya kumfinya farasi mdomo kwa kamba hadi asimame kinyonge, apandwe kwa nguvu. Alijua pia jinsi farasi wa namna hiyo humwangusha mtu mteremkoni. Akatikisa kichwa.

Mwalimu alimshika Ombok bega. Kisha akainuka kwa taabu, akaupitisha mkono wake juu ya shingo ya farasi, na wote watatu wakaanza kutembea. Walifika langoni. Kutoka kilimani nyimbo zilishuka pamoja na upepo.

"Mzee Ombok, kwenu wanakungoja. Ahadi ilikuwa ya leo."

"Ahadi ilikuwa ya Meza. Itaandaliwa tena baada ya miezi mitatu."

"Miezi mitatu!" Mwalimu alicheka, akakohoa. "Wewe na mimi?"

"Kijana wetu ni huyu," alisema Ombok, akimpapasa farasi.

Ombok aliilegeza kamba, farasi akasimama, wazee wakapumzika, mmoja upande huu wa shingo na mwingine upande ule. Safari ya kurudi barazani ilikuwa bado.