Kiganja Juu ya Tangi

Baba alikuwa fundi pikipiki, na mtaa mzima ulimwita Kiganja. Nyundo na injini zilimharibu masikio kabla mimi sijaota meno, basi akajifunza kusikiliza kwa mkono. Ukimletea pikipiki mbovu hakuulizi kitu. Anaiwasha, anaweka kiganja juu ya tangi, anafumba macho, kisha anakutajia ugonjwa wake. Wateja walimtania kwamba anazipima homa.

Kilichommaliza ni kifua. Alivuta moshi wa karakana maisha yake yote, na uzeeni daktari akakataza hata kumsogeza karibu na bomba la moshi. Macho nayo yakaingia ukungu. Akawa mtu wa kitandani na dirishani, na hakuna aliyemuuliza tena chochote ila kama amekunywa dawa. Hilo lilinichoma. Siku moja nikamsikia akimwambia mama, "Laiti ningeipanda ile pikipiki yangu mara moja tu, nikaondoka zangu." Ile yake ilishakuwa vyuma chakavu zamani. Ilibaki picha ukutani: baba kijana juu yake, mama kakaa upande nyuma yake, wote wawili wamejaa maringo.

Mimi ni mchomeleaji. Mageti, madirisha, vitanda. Nikaishusha ile picha, nikaapa kuiunda upya pikipiki ile, ila ya umeme, isiyo na moshi wa kumkaba. Nilitaka aipande akiwa hai, na aijue kuwa ni yake.

Nilijitia wazimu. Tangi lenye umbo la yai nililigonga kutoka mlango wa friji bovu, nikaliharibu mara ngapi sijui. Betri nikazificha ndani yake, mota ikakaa kwenye gurudumu la nyuma. Penye injini nikapanga vipande vya bati ili mtu aone injini, na nikaweka hata bomba la moshi, la uongo, linang'aa mpaka unajiona.

Fundi redio, jirani yangu aliyenisaidia nyaya, alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, hilo bomba litatoa nini? Salamu?"

"Funga mdomo, ufunge na hizo nyaya," nikamjibu.

Ilipokamilika sikumwambia baba kitu, nilitaka kumshtukiza. Tulimkalisha mbele, mimi nyuma yake, mikono yangu ikimzunguka mpaka kwenye usukani. Alipapasa taa ya mbele, akapapasa siti ya springi.

"Ni yenyewe," akasema. "Mama watoto, ni yenyewe!"

Mama alilia waziwazi. Baba akaweka kiganja juu ya tangi, akafumba macho.

Nikaondoka taratibu. Tukapita duka la kona, tukampita kinyozi aliyetoka nje na mkasi mkononi kutupungia. Upepo ulimpiga baba usoni, lakini kiganja hakikubanduka pale, na nilihisi mgongo wake ukisubiri. Hapo ndipo nikang'amua. Miezi yote nilihangaikia umbo, nikasahau mtetemo wa injini. Mimi, binti yake Kiganja!

Niliposimama mlangoni, akageuza uso. "Pole, mwanangu," akasema, huku anahema. "Umenisukuma kwa miguu kote huko?"

Ningeweza kumpigia kelele kwenye sikio la kushoto, lile lenye uhai kidogo, kwamba ni ya umeme. Nikafungua mdomo.

"Usihangaike," akaniwahi. "Hii ni plagi tu, imegoma kutoa cheche, naijua tabia yake. Kesho nitaitazama mwenyewe." Akamgeukia mama. "Nitafutie spana yangu ya plagi."

Aliagiza kwa sauti yake ya karakana, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka. Nikafunga mdomo.

Jioni ile alikula sahani nzima, akanionya nisiiguse pikipiki mpaka aamke. Asubuhi mama aliniita kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Baba alikuwa amelala ubavu, ameshatuacha, mkono mmoja chini ya mto. Nilipouvuta nikakuta umeshika spana. Ilibidi nivifungue vidole kimoja kimoja, nikilia kama mtoto.

Pikipiki iko uani, nimeifunika turubai. Watu huja wakaisifu, wakasema haijakosa kitu. Nawaitikia tu. Plagi haina, na wa kuitazama hayupo.