Gauni la Kukalia Saa Kumi na Nne

"Geuka, mkwe," fundi alisema, pini tatu zimebanwa midomoni.

Mkwe akageuka mbele ya kioo, akijipitisha mikono kiunoni kama bibi harusi. "Mwanangu kanipigia jana. Toka uwanja wa ndege wa huku mpaka wa kwao ni kilomita elfu kumi na moja! Saa kumi na nne hewani, hatutui popote. Unafungwa mkanda mapajani, unatulia. Chakula unaletewa ulipokaa, kama mzazi."

"Kama mzazi," fundi akarudia, na pini moja ikamchoma ulimi.

Mzazi mwenyewe, aliyejifungua huko ng'ambo, alikuwa binti wa fundi, wa pekee. Lakini tiketi ilikuwa moja, kaikata mume, na mume naye ana mama, ndiye huyu mkwe. "Zamu yako itafika, mama," binti alimwambia kwenye simu. Fundi akajibu sawa mwanangu, sauti ikamtoka nyembamba kama uzi wa kudarizi.

"Nikuletee nini huko?" mkwe aliuliza.

"Urudi salama, inatosha."

Kila mteja wa gauni, fundi humkalisha kwanza kwenye stuli kabla hajafunga mishono ya ubavuni, maana mtu akikaa nyonga hutanuka. Asiyekalishwa hupata gauni la kusimamia tu. Leo stuli ilikuwa pale pale pembeni, imebebeshwa vitambaa. Fundi aliitazama. Hakuigusa.

"Halibani?" mkwe aliuliza.

"Acha uzee. Ndiyo mtindo."

"Haya, fundi ni wewe. Nalifuata jioni, kesho napaa!"

Alipolivua akatoka, fundi alikanyaga cherehani kwa hasira tamu. Akapitisha mshono mara mbili kila ubavu, huku akimwona mkwe kule juu mawinguni, kakabwa, anahema, hana pa kushukia. Akacheka peke yake.

Kisha akataka kujua litabana kiasi gani. Miili yao ilikuwa sare. Watu huwachanganya wakiwaona kwa nyuma. Akalivaa, akasukuma vitambaa chini, akaketi.

Loo! Kiuno kilikabwa, pumzi ikakatikia kifuani. Vizuri. Akaendelea kukaa. Ukuta wa mbele ukawa kidirisha, akawa anapita juu ya nchi asizozijua. Mara akafika. Binti yake huyo, anakuja na kichanga kimeviringishwa shuka jeupe. "Mpokee mjukuu wako." Fundi akanyoosha mikono, akatanua magoti ampakate.

Magoti yalikataa. Kitambaa kilikuwa kimewambwa mapajani kama ngozi ya ngoma. Hapakuwa na pa kumlaza mtoto.

Alilivua haraka. Akachukua kiwembe, akafumua ubavu wa kulia, akafumua wa kushoto, uzi mmoja baada ya mwingine, machozi na kamasi vikimtoka, akimtukana mkwe kwa sauti ya chini. Akaachia kitambaa chote kilichokuwa kimefichwa ndani ya mshono. Akashona upya.

Akalivaa tena, akaketi. Magoti yakatanuka, na kati yake kitambaa kikalegea, kikafanya kibonde.

"Hodi, mkwe! Tayari?"

Fundi hakuinuka. Alivuta tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni, akaipitisha juu ya mapaja, akashika ncha zake mbili, moja kila upande, akazikaza kama mkanda wa ndege.

"Bado kidogo, mkwe," alijibu, macho kayafumba.