Mla Umeme wa Nyumba Yetu

Mume wangu nilimpachika jina la Waziri alipotangaza vita na bili ya umeme. Yeye ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, mtu aliyezoea kujua kila msumari umekwenda wapi, na habari ya umeme kutoka nyumbani kwake bila kusaini popote ilimnyima raha. Alibadilisha taa zote, akaweka zile zinazokula kidogo. Maharage yakawa lazima yalale kwenye maji kabla ya kupanda jikoni. Televisheni haikuzimwa tena kwa rimoti. Ilizimwa ukutani, na ole wako usahau. Pasi ikaruhusiwa Jumapili asubuhi tu, nguo za nyumba nzima kwa mkupuo mmoja.

Bili haikusikia. Ilizidi kupanda.

Basi kila Jumapili alasiri Waziri akawa anaitisha kile nilichokiita bunge. Wabunge tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mama yake tunayeishi naye, ambaye watu wote humwita Mwalimu kwa sababu nusu ya mtaa huu aliwafundisha kusoma, na nusu hiyo hiyo aliwachapa. Waziri alizima kila kitu, kisha akatutoa barazani kuitazama mita. Mita yetu ina kijitaa chekundu kinachokonyeza. Umeme ukitumika kidogo kinakonyeza kivivu. Ukitumika sana kinakonyeza kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni. Vyote vikizimwa, kilitulia. Akiwasha taa ya sebuleni, kilikonyeza mara moja moja. Akichomeka friza yangu, kilianza kazi.

"Umeona?" aliniuliza, kana kwamba amenikamata mkono ukiwa mfukoni mwake.

"Nimeona friza inafanya kazi. Ulitaka ifanye nini, isali?"

Friza hiyo ndiyo duka langu. Nauza barafu na juisi za kugandisha, kila asubuhi nazitembeza kwa wanafunzi na mafundi wa hapa jirani, na tangu nianze sijamwomba mtu nauli ya kwenda kumwona mama yangu mzazi. Nilimweleza Waziri mpaka mate yakanikauka. Alinisikiliza kwa upole, na upole huo uliniudhi kuliko kama angenifokea. Bunge la mwisho likapitisha kwamba friza iuzwe. Mwenye bucha wa barabara ya pili angekuja kuichukua Jumamosi.

Nilimgeukia mama mkwe nikitegemea walau neno moja. Siku zote alikuwa upande wangu, hata kwenye makosa ambayo kweli yalikuwa yangu. Safari hii alikuwa akivutavuta uzi kwenye upindo wa gauni lake, wala hakuinua macho. Nikasema moyoni, sawa, mtoto ni wake, mimi ni wa kuja. Usiku huo sikumtakia usiku mwema alipokwenda kulala.

Alhamisi nilikwenda mgahawani kuulizia kazi ya kuosha vyombo. Waliniambia nipite mwezi ujao, kwa ile sauti ya watu wasiotaka upite kamwe. Nikarudi nyumbani mapema, hasira zimenijaa hadi kooni. Nilipopita barazani, jicho likaangukia mita. Friza nilikuwa nimeshaichomoa tangu jana yake, nimeisafisha kwa ajili ya mnunuzi. Waziri alikuwa kazini. Ndani kulikuwa na Mwalimu peke yake, mtu ambaye hata redio yake ni ya betri. Na kile kijitaa kilikuwa kinakonyeza kwa kasi ambayo sijapata kuiona.

Niliingia mpaka chumbani kwake bila hodi. Nilikuwa tayari kugombana na yeyote nitakayemkuta, hata angekuwa askari.

Mwalimu alikuwa amesimama kando ya kitanda chake, godoro likiwa tupu mbele yake. Alikuwa ametandika kitambaa juu ya sehemu iliyoloa, anapiga pasi, na mvuke unapanda usoni kwake. Shuka mbili zilizokwisha kufuliwa zilining'inia kwenye kiti zikisubiri zamu. Pembeni mwa godoro kulikuwa na alama ya kahawia, mahali ambapo pasi iliwahi kukaa zaidi ya inavyostahili. Harufu ilinieleza yaliyobaki.

"Funga mlango," alisema kwa sauti ya darasani.

Nikafunga. Kisha sauti ile ikamwishia, akaketi kwenye ncha ya kitanda, pasi bado iko mkononi. Niliichukua nikaichomoa.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mvua zilizopita. Nalala mkavu, naamka nimeloa. Sisikii hata inavyotoka."

"Si ungeanika nje tu? Jua lote lile."

"Nianike wapi, mwanangu? Nionyeshe mahali mtaa huu ambapo hapiti mwanafunzi wangu."

Ndipo nilipoona upumbavu wetu wote. Tulikuwa tunamsaka mla umeme Jumapili alasiri, saa ambayo mla umeme mwenyewe amekaa nasi barazani, anaitazama mita pamoja nasi.

"Friza yako haina kosa," alisema. "Nilitaka kusema pale bungeni. Mdomo ulikataa. Nakuomba usimwambie mwanangu."

Nilimwahidi. Nilimhurumia, na wakati huo huo nilitamani kumshika mabega nimtikise. Duka langu linaondoka kwa sababu ya shuka! Lakini nilijiuliza ingekuwa mama yangu mimi, angependa mkwe gani asimame mbele yake. Nikazikung'uta zile shuka, nikazitandaza juu ya milango ya kabati zikauke kwa hewa.

Jumamosi mwenye bucha alikuja na mkokoteni na mtu wa kuusukuma. Waliibeba friza yangu, wakaitoa nje, wakaanza kuifunga kamba.

"Utanishukuru bili ikija," Waziri aliniambia taratibu, akaniwekea mkono begani. Niliuondoa.

"Irudisheni ndani hiyo friza."

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Amevaa lile gauni lake la kwenda kwenye vikao vya wazazi.

"Mama, hili tulishakubaliana," alisema Waziri.

"Mlikubaliana mkiwa hamjui. Umeme ninaula mimi. Nakojoa kitandani, halafu nakausha godoro kwa pasi mkishatoka. Mkeo anajua tangu Alhamisi, na alikuwa radhi friza yake iondoke kuliko kunitaja. Sasa na wewe umejua."

Mwenye bucha, naye aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliinama ghafla kukagua gurudumu la mkokoteni lisilo na tatizo lolote. Mwenzake akaanza kufungua kamba bila kuambiwa.

Waziri alisimama mikono ikining'inia. "Mama," alisema mwishowe, "kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ningekuambia lini? Bungeni?"

Sikuwa nimewahi kumwona mume wangu akipigwa, lakini siku ile nilimwona. Aliingia chumbani kwa mama yake akatoka na godoro kichwani, akalisimamisha mbele ya nyumba, kwenye ukuta mfupi wa baraza unaotazamana na barabara, ambapo jua linapiga kutwa nzima. Akarudi ndani kuchukua shuka, bado mbichi, mama alizifua asubuhi hiyo.

"Geuza basi upande mwingine," Mwalimu alimwambia kwa sauti ndogo. "Watu wanaona."

"Upande ulioloa ndio unaotaka jua, Mama."

Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara aliinua kichwa kutoka kwenye kazi yake. Aliliona godoro, akaliona lile doa, akacheka.

"Jirani! Nani huko kwenu amerudia utoto?"

Mkono wa Mwalimu ukatafuta wangu, nikaukamata. Waziri aliikung'uta shuka ya kwanza, akaitandaza vizuri juu ya ukuta, akainyoosha pembe zake zote mbili. Kisha akageuka.

"Mimi," alijibu, kwa sauti iliyofika mpaka kona. "Na Jumatatu mama ananipeleka hospitali."