Hodi kwa Mzee Nyberg

Yunis Chilongola alifika Stockholm Januari ya mwaka 1974, amevaa koti la kuazima lililomzidi mabega. Alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima wilayani Kilosa, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Mamboya, na serikali ilikuwa imempeleka kwa mwaka mmoja akajifunze kuandika vitabu vya watu waliojua kusoma juzijuzi tu. Barua ya safari ilipokuja, mama yake, Elizabeti, aliuliza kama huko Ulaya kuna makanisa. Alipoambiwa yapo mengi, akasema basi yeye hana neno, ila binti yake asije akazoea huko.

Kumbe kuzoea ndiko kulikomshinda Yunis mwanzoni.

Alipewa chumba kwa Bi Margit, mjane wa miaka sitini na minane aliyefanya kazi ya kuunganisha simu kwa miaka thelathini, na kwa sababu hiyo alijua Kiingereza. Waliishi ghorofa ya nne ya jengo la matofali lenye familia kumi na nane. Asubuhi ya kwanza Yunis alimkuta jikoni, akapiga goti kidogo, na neno shikamoo likamfika mdomoni likakosa pa kwenda. Kiingereza kilikuwa na salamu moja ya asubuhi, ileile anayopewa mtoto na anayopewa askofu. Akaitoa hiyo, akajiona amemvunjia heshima mtu mzima ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikaa na uchungu huo karibu mwezi mzima, mpaka alipojiamulia kusema shikamoo moyoni kwanza, ndipo afungue kinywa. Tangu hapo alipata nafuu.

Siku ya tatu, kama desturi inavyotaka, aliomba jembe lake, yaani kazi. Bi Margit hakuelewa mgeni anayelipiwa chumba anataka kumenya viazi kwa nini, lakini alimwachia kisu. Viazi vilikuwa vya kila siku. Unga wa mahindi haukupatikana dukani; Yunis alijaribu kusonga ugali kwa unga wa ngano ya chengachenga, ukatoka kitu laini kama uji uliochelewa, akaula wote na samaki huku Bi Margit akimtazama kwa adabu. Jua lilitoka saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa alasiri, kama mtu aliyekuja kuchukua alichosahau. Katika treni ya chini ya ardhi watu sitini walikaa kimya kama wako msibani, na hakuna aliyefiwa.

Yalikuwapo pia yaliyomfurahisha. Posta na benki, kila aingiaye alichukua kikaratasi chenye namba akakaa kungoja aitwe. Mkubwa hakumruka mdogo, na hakuna aliyepita kwa mlango wa nyuma. Yunis aliandika habari hiyo nyumbani kwa kaka yake Yeremia, akasema angependa kuibeba Kilosa nzima ije ione.

Mwezi wa tatu ndipo alipokosea. Jengo lile lilikuwa na chumba cha kufulia chini kabisa, chenye mashine mbili, na ukutani ubao wa zamu. Yunis aliuona ubao, akadhani ni matangazo. Jumamosi moja asubuhi alikuta mashine hazina mtu, akafua shuka na nguo zake zote, akaanika, akapanda juu ameridhika. Alipozifuata nguo zake alikuta karatasi imebandikwa mlangoni, mwandiko umenyooka kama mistari ya daftari. Akaibandua akampelekea Bi Margit.

Bi Margit aliisoma, masikio yakamwiva. Akamtafsiria kwamba aliyefua asubuhi ile amefua katika zamu ya mtu mwingine, na kwamba zamu zimewekwa ziheshimiwe. Aliyeandika alikuwa Mzee Nyberg wa ghorofa ya pili, mtu wa miaka sabini na mitano, na ndiye aliyetunza ule ubao.

Yunis aliikunja ile karatasi. Kumkosea mzee wa umri ule, naye mzee akaona ni heri aseme na mlango kuliko kusema naye! Kwao Mamboya jambo likifika hapo limekuwa kubwa. Mkosaji hukaa tu nyumbani? Huenda kwa aliyemkosea, na kitu mkononi, akabisha hodi, akaketi chini, akasema. Bi Margit alimwambia asiende. Asirudie tu, yatakwisha. Yunis aliitikia kwa heshima, lakini ushauri ule haukuingia. Jumapili alipotoka kanisani alichukua pakiti ya majani ya chai aliyotoka nayo nyumbani, akamwomba Bi Margit amfundishe maneno machache ya Kiswidi, akayarudia ngazi kwa ngazi mpaka ghorofa ya pili.

Mzee Nyberg alifungua mlango upana wa uso wake. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa tai ingawa alikuwa peke yake. Yunis akapiga goti, akamnyooshea pakiti kwa mikono miwili.

"Nilifua kwenye zamu yako," akasema kwa Kiswidi chake. "Nisamehe."

Mzee alimtazama, akaitazama pakiti, akaipokea kama mtu aliyepewa mtoto asiyejua kumbeba. Akasema neno fupi, kwamba si kitu, kisha akafunga mlango taratibu.

Yunis alibaki amesimama pale ngazini. Hakusamehewa wala hakukataliwa. Alipanda juu, na Bi Margit, aliyekuwa akimngoja mlangoni, akaona uso wake ulivyo. Akamkalisha jikoni, akamwekea kahawa, akamwambia jambo ambalo Yunis alilishika miaka mingi.

"Yeye alipomaliza kuandika, alikuwa amemaliza. Hakuwa anakungoja. Kukuandikia karatasi ndiko kukustahi, ili usiaibike mbele yake."

Yunis aliliwaza neno lile siku nzima. Kwao kumstahi mtu ni kumfuata alipo. Hapa kumstahi mtu ni kumwacha alipo. Alishindwa kusema ni watu gani wana haki, akatambua pia kwamba hakuna aliyemwuliza.

Jumatano karatasi nyingine ilikuwa imepenyezwa chini ya mlango wao. Mzee Nyberg alishukuru kwa chai. Chini yake alikuwa amechora ubao wa zamu kwa rula, na kwenye Jumanne, saa nne mpaka saa saba, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: CHILONGOLA. Alilipata jina bila kukosea hata herufi moja; huenda alilitoa kwenye sanduku la barua. Miezi yote iliyobaki hakumkaribisha Yunis ndani hata siku moja. Walipokutana ngazini aliinua kofia, Yunis akasema shikamoo yake ya moyoni, kila mtu akapita. Lakini Yunis alianza kulala kama mtu aliye kwao.

Mwezi wa saba ikaja barua ya Yeremia, ndefu kuliko kawaida. Watu wa milimani walikuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, na mama yao alikuwa ameteremshwa kutoka kilimani kwao Mamboya, yeye na nguzo za nyumba na kuku, kwa lori moja, mpaka kijiji kipya bondeni upande wa Mvumi, hukohuko Kilosa. Nyumba zilikaa kwa mistari. Afya yake si mbaya, Yeremia aliandika, ila kinachomtia wasiwasi ni kwamba mama hajasema na mtu yeyote kwa wiki sita. Watu wa pale walikuwa Waislamu wa bondeni, na huko mgeni ndiye huenda kujionyesha kwa wenyeji. Mama naye alijua desturi ya kilimani tu: wenyeji ndio humletea mgeni moto na maji. Basi amekaa barazani anawangoja, nao wanamngoja. Yeremia aliomba Yunis amwandikie, kwa kuwa yeye ndiye mama anayemsikiliza.

Yunis aliandika siku ileile. Alimsimulia mama habari ya zamu na Mzee Nyberg, akamaliza kwa kusema kwamba kila mahali watu wana namna yao ya wema, na aliyekuja ndiye hupaswa kubisha hodi. Aliiona ni barua nzuri. Mwalimu ndani yake alifurahi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, kwa mwandiko wa Yeremia na maneno ya mama.

"Mwanangu, wewe ulikosa, ukaenda kuomba radhi. Mimi nimekosa nini? Wewe ulipanda ndege kwa kutaka. Mimi nilipandishwa lori. Usinifundishe."

Yunis aliisoma amesimama kwenye mlango wa posta, watu wakimpita huku na huku. Aliona haya, haya ya kweli, iliyompanda shingoni. Alikuwa ameupima ugeni wa mama kwa kibaba cha ugeni wake, na kibaba hakikuwa kimoja. Mama hakuwa amekosea hata neno. Jioni ile hakuandika kitu. Kwa siku nyingi alikwenda darasani, akarudi, akamenya viazi, na kila alipoanza barua aliona ushauri unachungulia katika mstari wa pili, akaichana.

Mwishowe alifanya kama walivyofundishwa darasani, kwamba anayeandikia watu wazima asijibu maswali ambayo hawajauliza. Akamwandikia mama barua isiyo na somo. Alimwomba radhi. Kisha akauliza, kwa sababu kweli alitaka kujua: je, nyumba ya mama inatazama wapi? Anayekaa kulia kwake ni nani, jina lake nani, na amepanda nini shambani?

Elizabeti alikuwa mtu asiyeweza kuacha swali bila jibu. Alilelewa na walimu wa misheni, na kuulizwa ukakosa la kusema kulikuwa kwake aibu kuliko kusuka kikapu kikapinda. Swali la kwanza alilijibu hapohapo. La pili na la tatu hakuwa nayo majibu. Yeremia alisimulia baadaye kwamba mama alikaa na barua ile siku mbili, siku ya tatu akajifunga kitenge chake kizuri, akavuka ua, akasimama mbele ya mama wa nyumba ya kulia aliyekuwa akipepeta mpunga, akamwambia, "Nimeulizwa jina lako kutoka Ulaya."

Yule mama alishtuka akadhani ni mambo ya serikali, akasema hana jina. Ikabidi Elizabeti aeleze yote: binti, theluji, viazi, mzee mwenye tai. Maelezo yalikuwa marefu, wakaketi. Jina la yule jirani lilikuwa Tunu. Alipanda mpunga na ufuta, na alikuwa amefiwa na mume mwaka uliopita. Yote hayo yalimfikia Yunis katika barua ya mwezi wa kumi, na mwishoni mama alikuwa ameongeza kwamba ufuta wa bondeni ni mchungu kidogo, lakini unalika.

Yunis alirudi Januari ya mwaka uliofuata. Alimuaga Bi Margit jikoni, na safari hii shikamoo aliitamka kwa sauti, akamweleza maana yake na jinsi inavyoitikiwa. Bi Margit alijaribu marahaba mara tatu mpaka ikakaa sawa.

Huko bondeni alimkuta mama amekonda, hajalainika. Hakukipenda kijiji kile, wala hakujifanya anakipenda. Kila baada ya wiki mbili alipanda kilimani kwa miguu kupalilia migomba yake ya zamani, na Tunu alimsindikiza, akilalamika njia nzima juu ya mwinuko. Yunis alianza kazi Kilosa akiandika vitabu vya wasomaji wapya, vyepesi, vyenye herufi kubwa, na Jumapili aliteremka kwa mama.

Elizabeti aliishi kijijini kile miaka kumi na mmoja. Alipofariki walimzika juu kilimani, kama alivyotaka. Njia ilikuwa ndefu na mvua ilikuwa imenyesha, na kati ya waliobeba jeneza kupanda mlima ule, wengi walikuwa watu wa bondeni.