Mzee Yuko Njiani

Tangu mama mkwe aanze kusahau, mlango wa nyumba ile ulifungwa kwa ufunguo mchana kutwa, maana ukimwachia upenyo tu, huyoo barabarani kumtafuta marehemu mumewe. Na wa kumlinda nani? Mke wa mwanawe, nani tena! Wifi ana kazi zake, mume ana zake, yeye eti hana lolote.

Alikuwa nalo. Alikuwa akijifunza kuandika programu kwa simu, jikoni, sufuria ikichemka. Darasa la mchana la kazi hiyo lilimngoja, ila kuingia ni kwa jaribio, na wifi aliahidi kwa kinywa chake: "Ukipita jaribio lao, nahamia kwenu, mama namwangalia mwenyewe." Akajifunga kibwebwe.

Zoezi lilikuwa la kuchezea maneno: programu ipokee sentensi, iikate neno neno, itafute neno fulani, iweke jingine mahali pake. Sentensi azitoe wapi, naye siku nzima anasikia ile ile ya mama mkwe? "Mzee amerudi?" Akaitumia hiyo hiyo. Mwanzoni alama ya kuuliza ilinata kwenye neno la mwisho, programu ikadai neno halipo. Akaikata alama kwanza. Ikakubali, pa "amerudi" ikaweka "yuko njiani"! Akaiunganisha na sauti ya simu: mama mkwe akiuliza, simu inasikia na kujibu: "Mzee yuko njiani." Mama mkwe akatabasamu, akaketi. Hakuusogelea mlango asubuhi nzima.

Jaribio akalipita. Wifi akaja na begi, na yeye, kwa furaha ya kijinga, akamwonyesha programu inavyomjibu mama.

"Haki ya nani!" wifi akaruka. "Sasa mimi wa kazi gani hapa? Mama keshapata mtu wake." Alikuwa akitafuta sababu, kapewa. Begi likarudi begani.

"Wifi, na darasa langu?"

"Jamani, si unasomea hapa hapa? Usimvuruge mama."

Mume naye akadakia: "Mke wangu ana akili kweli."

Akili! Walipoondoka, alishika simu, kidole juu ya kitufe cha kufuta. Akiifuta programu, mama mkwe ataanza tena kulia na kugonga mlango, na wifi atarudi, apende asipende.

Kando yake mama mkwe akauliza tena. Simu ikajibu mkononi mwake. Mama mkwe akacheka kwa raha, akajiweka sawa kitini.

Alilia, mwenzenu, akalia sana. Kisha akaichomeka simu kwenye chaji isije ikazima.